Mbwa kameza dawa ya kupe lakini bado nawaona, nitajuaje kama inafanya kazi?

mzee_wa_mbwa
Wakuu habari zenu. Mbwa wangu nimempa kile kidonge cha kutafuna cha kupe, ndani yake ni afoxolaner, kile cha kila mwezi. Sasa kila nikimpapasa masikioni na katikati ya vidole bado nakuta kupe, wengine wamekufa wengine wanatembea kabisa. Pakiti inajisifu asilimia 90 na kitu, hiyo asilimia wanaipataje na mimi hapa nyumbani napimaje? Au nimepigwa?

Kibano
Mkuu hujapigwa, ila unachohesabu sicho. Dawa za kumeza za kundi hilo, yaani afoxolaner, fluralaner, sarolaner na lotilaner, hazifukuzi kupe. Dawa inakaa kwenye damu, kwa hiyo lazima kupe ang'ate kwanza anywe ndo mishipa yake ya fahamu ivurugike afe. Kupe aliyepanda leo asubuhi kutoka majanini utamkuta tu anatembea, hata dawa iwe kali vipi.

Wanaopima kwa ajili ya kusajili dawa wanachukua makundi mawili ya mbwa, moja linapewa dawa lingine halipewi, halafu kila mbwa anawekewa kupe kama 50 walio hai. Baada ya saa 48 wanapekua manyoya sehemu kwa sehemu na kuhesabu walio hai. Tuseme wasiopewa wamebaki na wastani wa kupe 25 na waliopewa wastani wa 2, hapo unatoa 2 kwenye 25 inabaki 23, unagawa kwa 25, ndo asilimia 92 hiyo. Kwa kupe mstari wa kufaulu ni asilimia 90, kwa viroboto wanataka 95. Na hawaishii hapo, wanawarudishia kupe wapya mara kwa mara mpaka muda wa dawa uishe, maana siku za mwanzo karibu kila dawa inang'aa, mwishoni ndo utaijua.

mzee_wa_mbwa
Aisee kumbe. Ila mimi nina mbwa mmoja, sina wa kulinganisha naye.

Kibano
Na hata ungekuwa na wawili usimwache mmoja aliwe na kupe ili upate hesabu 😂 Wewe angalia hali ya kupe. Mtoe na kibano, muweke kwenye karatasi nyeupe, mpulizie pumzi yako taratibu. Aliye hai pumzi inamwamsha anaanza kurusha miguu, mfu anabaki amekauka miguu imekunjwa. Mfu anaweza kuendelea kuning'inia kwenye ngozi maana mdomo umejigandisha, kwa hiyo aliyeganda si lazima awe hai. Anayenitia wasiwasi mimi ni jike lililovimba damu mpaka rangi imegeuka kijivu na bado linachezesha miguu, hilo limekunywa siku kadhaa na halijafa. Dume la kupe wa kahawia, yule wa kawaida wa mbwa, halivimbi hivyo, usidanganyike na udogo wake.

nyota_ya_banda
Naongezea, mpime uzito upya kabla hujalaumu dawa, mbwa akinenepa dozi ya zamani inakuwa ndogo. Na uhakikishe hakukitapika kichakani. Pia aina ya kupe inabadilisha mambo, fluralaner lebo ya Marekani inasema wiki 12 kwa kupe wengi ila kwa Amblyomma americanum, aina ya kupe wa huko Marekani, ni wiki 8 tu.

papasi77
Mi naona mnazunguka sana, kama kupe yupo dawa haifanyi, basi. Muogeshe dawa ya maji yaishe.

Kibano
@papasi77 ukimuogesha leo na nyumba imejaa utawakuta tena keshokutwa. Kupe wa kahawia anataga mayai maelfu kwenye nyufa za ukuta, hao unaowaona kwa mbwa ni wachache. Na usichanganye dawa mbili bila kumuuliza daktari wa mifugo.

nyota_ya_banda
Kweli, na kama mbwa aliwahi kupata degedege amwambie daktari mapema, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitoa tahadhari 2018 kuhusu kundi hili la dawa.

mzee_wa_mbwa
Degedege hana. Nimewapulizia wa leo kwenye karatasi, waliokuwa wamejishika wote kimya, wanaotembea ni wembamba kama mbegu ya ufuta. Naanza na nyufa za banda, wikiendi napeleka mbwa kwenye mizani.

Kibano
Sawa. Wiki ya mwisho kabla ya kidonge kingine mkague tena hivyo hivyo, ukikuta aliyevimba yuko hai muweke kwenye kichupa chenye spiriti umpelekee daktari.