Naomba ushauri: seli za utumbo wa majana ya nyuki
Habari zenu wakuu. Nalea majana (lava, yaani watoto) ya nyuki wa asali maabara, nyuzi joto 35, kwa maziwa ya nyuki (royal jelly), glukosi, fruktosi na hamira. Uzito unapanda vizuri, lakini chini ya hadubini seli za utumbo wa kati zimejaa vakuoli (vifuko vidogo ndani ya seli) kuliko za majana wa mzingani wa umri uleule. Tofauti inaonekana zaidi baada ya siku 3, wakati ambao mzingani majana ya nyuki vibarua (wafanyakazi) huanza kuongezewa asali na chavua. Nimepunguza sukari, hakuna badiliko. (Sampuli natia formalini, dawa ya kuzuia kuoza, papo hapo, sidhani ni kuoza.)

Je, hiyo ni akiba ya mafuta au seli zinakufa? Na nilinganishe kwa umri au kwa uzito?