Tupeane uzoefu: Mradi wa kuutunza mji ulipokuja mtaani kwenu, mliulizwa lini na mlijibiwa nini?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa, kazi ya kujitolea, mwaka wa sita sasa. Majuzi tuliitisha mkutano wa kupanga bustani kwenye kiwanja kilichokuwa dampo. Tulipanga viti mia mbili. Walikuja watu kumi na mmoja, na watano kati yao ni wanakamati.

Mezani pale pale mmoja wetu akatamka yale ambayo nimeyasikia miaka yote: wananchi hawana mwamko. Neno hilo lilinikaa rohoni vibaya, maana nawajua hawa watu. Mvua ikiziba mitaro ndio hao wanaoamka usiku na makoleo bila kuitwa na mtu. Kwa hiyo wiki iliyofuata nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, siwaulizi kwa nini hamkuja, nawauliza mara ya mwisho mlipokuja ilikuwaje.

Mama mmoja akanikumbusha mkutano wa mtaro, miaka mitatu nyuma. Alikaa masaa matatu. Alisema maji yanatokea upande wa juu, si upande uliochorwa kwenye ramani. Akaandikwa, akasaini karatasi ya mahudhurio. Mtaro ukajengwa vile vile ulivyochorwa, na hakuna aliyerudi kumwambia lolote, hata kwamba alikosea. "Mwanangu, mimi nilikuja," akaniambia. "Nyie ndio hamkurudi."

Sijapata la kumjibu mpaka leo. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Iwe ni taka, miti, usafiri, maji au umeme wa jua: mradi ulipofika kwenu mliulizwa kabla au baada ya ramani kuchorwa? Mlisema nini? Nani alirudi kuwajibu? Na wewe uliyekataa kushiriki, simulizi yako naihitaji kuliko zote.

Mkaazi wa ghorofa ya kwanza

Ahsante kwa kuanzisha, katibu. Yangu ni ya taka.

Jengo letu lina familia arobaini. Tuliletewa mapipa mawili: moja la taka oza, jingine la taka kavu. Mimi na majirani wawili tukajitolea kuelimisha. Tulipita kila mlango tukieleza kwa nini maganda na mabaki yasichanganywe na karatasi: karatasi ikishalowa haifai tena kutengenezwa upya, na taka oza zikifukiwa pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kiasi kile kile huipasha dunia joto kupita hewa ya ukaa. Watoto ndio walioelewa haraka zaidi. Mwanangu wa miaka saba alikuwa anamsahihisha babu yake.

Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja mzee wa ghorofa ya tatu akaona kutoka dirishani lori likimimina mapipa yote mawili ndani ya tumbo moja. Hakupiga kelele. Alishuka tu, akamweleza jirani wa kwanza aliyekutana naye. Kufika jioni jengo zima linajua, na kufika Jumapili mapipa yote mawili yana mchanganyiko ule ule.

Nililia, sioni aibu kusema. Si kwa sababu ya taka. Ni kwa sababu nilikuwa nimegonga milango ile kwa jina langu.

Nilipofuatilia, ukweli ukaja kutoka kwa dereva: lori la pili liliharibika wiki hiyo, wakaamriwa wasiache mtaa unanuka. Sababu ya maana kabisa! Kibao kimoja mlangoni, "wiki hii tunachanganya, lori bovu," kingetosha. Watu wazima wanaelewa kuharibika kwa lori. Wasichokielewa ni kufanywa wajinga.

Tulianza upya baada ya miezi mingi, kwa sharti moja tuliloliweka sisi wakaazi: kila Ijumaa ubandikwe ukutani uzito wa taka oza zilizopelekwa kwenye mboji, na kama hazikupelekwa, sababu. Mzee wa ghorofa ya tatu ndiye anayeisoma karatasi hiyo kwa sauti.

Mpakiaji wa lori

Dada hapo juu, mimi nipo upande wa pili wa pipa lako. Miaka tisa nyuma ya lori. Katika semina zote za kuchambua taka sijawahi kuona mpakiaji hata mmoja akiitwa aseme. Tungewaambia jambo dogo: chupa iliyovunjika ifungwe kwenye karatasi nene na pembeni iandikwe. Mkono wangu wa kushoto una mshono wa sindano saba kwa mfuko ulioandikwa vizuri kabisa "taka oza".

Kijana wa miche

Sisi tulipanda miche mia tatu kwa siku moja. Fulana, muziki, picha, wageni. Kiangazi kilipokwisha nilihesabu mwenyewe: imebaki thelathini na nane.

Kosa la kwanza, hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Mche mchanga unahitaji maji miaka miwili mitatu ya mwanzo mpaka mizizi ishuke, na sisi tuliupa siku moja. Kosa la pili ndilo linaloniuma. Kuna mama anayekaa kando ya ile barabara tangu nikiwa mtoto. Siku ile ile, wakati tunachimba mashimo, alituambia: hapa mnapanda chini ya nyaya za umeme, ikifika urefu wa nyumba watakuja kuikata. Tukamjibu kwa adabu, ahsante mama, tukaendelea kuchimba. Ikafika urefu wa nyumba, wakaja wakaikata.

Awamu ya pili tulianza na yeye. Alitembea nasi njia nzima, akatuonyesha bomba la maji linapopita, ukuta wenye msingi dhaifu, mahali watu wanapongojea basi wakiungua jua. Kila kaya ikachagua mti wake na mahali pake. Tulipanda sitini tu. Mwaka wa tatu huu, hamsini na nne ziko hai.

Nimewahi kusoma pia kwamba jiji la Melbourne, Australia, liliipa kila mti namba na anwani ya barua pepe, ili mkaazi akiona tawi limevunjika aripoti. Watu wakaanza kuiandikia miti yenyewe barua, wakiusalimu mti wanaoupita kila siku, wengine wakiushukuru kwa kivuli. Nilifurahi sana kusoma hilo. Mtu akipewa mlango wa kuingilia anaingia na moyo wake wote.

Mpangaji

Mwanzisha uzi umesema unataka waliokataa. Nipo.

Mtaa niliokuwa naishi ulitengenezewa bustani nzuri kando ya mto, njia ya kutembea, taa, viti. Mikutano iliitishwa kwa wenye nyumba. Sisi wapangaji, ambao ndio wengi, hatukuwa kwenye orodha. Bustani ilipokamilika kodi ilipanda mara mbili ndani ya miezi kumi na minane. Nilihama mimi, akahama jirani yangu, wakahama watoto waliokuwa wakicheza pale kabla hapajawa bustani.

Sasa nikisikia mradi wa kijani unakuja, kwanza napiga hesabu ya kodi. Siuchukii mti. Nataka mtu aniambie, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, kwamba nitakuwepo kukaa chini yake.

Mwanzisha uzi

Dada mpangaji, nimefungua orodha yetu ya waalikwa baada ya kukusoma. Ni wenye nyumba watupu. Imerithiwa kutoka kwa katibu aliyenitangulia na mimi sijawahi kuigusa.

Mwanafunzi wa mipango miji

Yanayosemwa hapa yana historia ndefu. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya vidato vinane vya ushiriki wa wananchi. Chini kabisa ni kuwahadaa watu ili waonekane wameshiriki. Juu kabisa ni wananchi kushika hatamu wenyewe. Kuarifiwa na kuombwa maoni aliviweka katikati, kwenye kundi la ushiriki wa jina tu, kwa sababu maoni yanaweza kuchukuliwa na yasibadilishe chochote. Mama wa mtaro alikuwa amesimama kwenye kidato hicho hicho.

Miji iliyopanda juu ipo. Porto Alegre, Brazili, ilianza mwaka 1989 kuwaachia wakaazi waamue katika mikutano ya mitaa sehemu ya bajeti ya uwekezaji iende wapi, na utaratibu huo umeigwa na miji mingi duniani. Hata Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, lile la 11 la miji, yanataja kupanga makazi kwa kuwashirikisha watu.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi ni Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Wakaazi wengi walipinga magari kutozwa ushuru wa kuingia katikati ya jiji ili kupunguza foleni na moshi. Badala ya kulazimisha moja kwa moja au kuacha, jiji likafanya majaribio kuanzia Januari mpaka Julai 2006, kisha Septemba likawapigisha watu kura. Magari yanayovuka mpaka wa eneo lile yalipungua kwa takriban asilimia 20, watu wakajionea barabara kwa macho yao, na wengi kidogo wakapiga kura ya ndiyo. Ushuru ukawa wa kudumu mwaka 2007. Watu wale wale! Walijaribishiwa, wakaonyeshwa matokeo, wakaachiwa neno la mwisho.

Mzee asiyekubali

Nawasoma kwa heshima, ila naomba kutofautiana. Si kila jambo lina muda wa vikao. Cape Town mwaka 2018 mabwawa yalikaribia kukauka, na jiji likaweka kikomo cha lita 50 za maji kwa mtu kwa siku. Hakuna aliyengoja mjadala wa mtaa kwa mtaa. Na watu walitii, matumizi ya jiji yakashuka hadi chini ya nusu ya yalivyokuwa kabla ya ukame. Amri nayo ni njia.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, nakubaliana nawe kwamba hatari ikiwa mlangoni lazima mtu aamue. Lakini tazama walichofanya pamoja na amri: kina cha mabwawa kilitangazwa wazi kila wiki. Mtu aliyekuwa akioga kwa ndoo alijua ndoo yake imehesabiwa wapi. Mtaro wetu haukuwa na dharura yoyote, na bado hatukumwambia mama yule kitu.

Mwokota chupa

Naandika kwa simu ya rafiki. Mimi huokota chupa na makopo, ndiyo kazi iliyosomesha wanangu wawili. Mradi wa mji safi ulipokuja wakaweka mapipa mazuri yenye kufuli. Walikusudia usafi, sikatai. Ila kabla ya mapipa hayo chupa za mtaa mzima zilifika kiwandani kwa mikono yetu, na hakuna aliyetuita warejelezaji. Tulipokwenda ofisini kuuliza tulielezwa kwamba hatumo kwenye mpango.

Kikundi chetu kina watu ishirini na sita. Tunajua nyumba gani inatoa nini na siku gani. Tungeulizwa tungewachorea ramani ya taka za mji huu ambayo hakuna mtaalamu anayo.

Mtumiaji wa kiti cha magurudumu

Njia ya baiskeli na waenda kwa miguu ilipojengwa nililetewa dodoso la kuuliza nimeridhika kiasi gani. Zege lilikuwa limeshakauka. Ukingo wa njia ni wa kiganja kizima na hauna mteremko hata mmoja katika mita mia nne. Niliandika hivyo kwenye dodoso. Bado naupita upande wa magari.

Mtumishi wa halmashauri

Nimesita kuandika, lakini nadhani ni haki nami niseme.

Fedha za miradi hii mara nyingi huja na tarehe ya mwisho. Ramani hutakiwa kwenye maombi, yaani kabla fedha hazijapatikana, kwa hiyo tunapowaita wananchi mchoro umeshaidhinishwa na kuubadilisha ni kuanza mlolongo upya. Mkutano tunauweka saa nne asubuhi siku ya kazi kwa sababu ndio muda wa ofisi. Halafu tunaandika "mwitikio mdogo". Nimewahi kuliandika neno hilo kwa mkono wangu, na nikikusoma wewe katibu nakumbuka ni mtaa gani.

Kilichobadilika kwetu ni kidogo. Tunaweka meza kituo cha mabasi jioni, tukiwa bado na karatasi tupu bila mchoro. Na tumetundika ubao nje ya ofisi wenye safu tatu: mlichosema, tulichofanya, tulichoshindwa na sababu yake. Safu ya tatu iliwatisha wakubwa wangu. Ndiyo inayosomwa kuliko zote, watu husimama pale, wanaisoma, wanaingia ndani kubishana nasi kwa hoja. Ndugu wa kiti cha magurudumu, ukingo kama huo unaweza kukatwa na kuteremshwa bila kuvunja njia nzima. Peleka ombi kwa maandishi, taja mahali hasa watu wanapovukia.

Mwanzisha uzi

Nimekaa na simulizi hizi wiki nzima. Jana nimelitafuta daftari la mkutano wa mtaro, nimelikuta chini ya kabati la ofisi. Maoni ya yule mama yameandikwa ukurasa wa nne, neno kwa neno, hata upande maji yanakotokea. Pembeni hakuna alama yoyote ya aliyeyasoma.

Nimenakili maoni yote kumi na tisa ya siku ile na kuyapeleka kwa mhandisi kwa barua, nikiomba jibu la kila moja, hata kama jibu ni hapana. Nakala moja nimempelekea mama nyumbani. Mkutano wa bustani tumeusogeza hadi Jumamosi jioni, wapangaji wamealikwa mlango kwa mlango, na kikundi cha waokota chupa wa mtaa wetu kitakuja na watu wanne. Mhandisi ameahidi kujibu kabla ya siku hiyo. Akijibu nitaibandika barua yake hapa, na asipojibu nitabandika hilo pia.

Wengine endeleeni, uzi uko wazi.