Wageni wa kulala wamekwisha, wa kushinda wamejaa. Nivunje vyumba?

Baba wa Nguba (Bukavu)

Jambo wandugu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Nguba, mtaa wa Bukavu, Kongo, bustani inateremka mpaka kwenye maji ya Ziwa Kivu. Marehemu papa aliijenga kidogo kidogo kwa pesa ya upishi. Miaka ya 80 aliwapikia wazungu waliokuja na yale malori makubwa yaliyokuwa yakikata Zaire (Kongo ya leo) kuelekea Nairobi. Walishuka Bukavu siku mbili tatu, wakapanda mbuga ya Kahuzi-Biega kuona gorila, wakaendelea na safari. Walitaka maji ya moto, mayai asubuhi, na kimya. Papa alinifundisha kutembea koridoni bila viatu, maana gari la Tshivanga, kituo cha mbuga, liliondoka alfajiri na wengine walikuwa wangali usingizini.

Vita vya 1996 vikawafuta. Kisha yakaja magari meupe: watu wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, baadaye MONUSCO, na watu wa ONG, yale mashirika ya misaada. Hao gorila hawakuwauliza. Waliuliza jenereta inawaka saa ngapi na kama risiti ina muhuri. Ziwa kwao lilikuwa kama ukuta uliopakwa rangi. Lakini walilala! Mmoja alikaa miezi mitatu chumba namba nne, mpaka nikawa namjua kwa kikohozi chake. Juni 2024 MONUSCO ikafunga kazi Kivu ya Kusini. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini, benki zikafunga, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, na karibu wote waliokuwa wamenibakia wakaondoka.

Sasa msidhani sina wageni. Jumapili bustani haina pa kuweka mguu. Juma lililopita familia moja ilikuja watu kumi na wanne, sufuria ya wali imefungwa kwa kitenge, juu yake bakuli la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Wakaagiza Fanta nne na vikombe kumi na vinne. Simu tisa zikachomekwa kwenye umeme wangu. Binti mmoja akaomba choo cha chumba namba mbili, akatoka na gauni jekundu, akapigwa picha kwenye ngazi ya maji. Akarudi, akatoka na la njano. Akarudi tena. Magauni matatu, chupa moja ya maji! Saa kumi na mbili wakaondoka wakiniombea baraka, na sandukuni sikuwa na pesa ya kufikia bei ya kitanda kimoja. Usiku vitanda vikalala vyenyewe.

Mke wangu anasema tuvunje vyumba viwili vinavyotazama ziwa, tujenge payoti kubwa, banda la wazi la kukalia wageni, tuchome brosheti (mishkaki), tuweke muziki. Mimi nasema tungoje. Watoto wetu wa Ubelgiji na Canada bado wanapita kwa uchache upande wa Rusizi, mpakani na Rwanda, Julai na Desemba, na hao wanalala. Nivunje au ningoje?

Mama wa Himbi (Goma)

Papa, usivunje ukuta kabla hujaweka mtu kwenye geti. Mimi kwangu anayeingia ananunua jeto, kile kipande cha malipo, na jeto hiyo anaibadilisha kwa kinywaji. Hajapoteza kitu, na mimi sijamfukuza. Mwenye sufuria analipia meza. Mwezi wa kwanza walinung'unika sana, mmoja akaniambia nimegeuka mzungu. Nikamjibu wazungu hawajawahi kuniletea sufuria.

Ila kuna jambo ambalo sisi wenye nyumba tunachelewa kuliona. Mgeni wa zamani alikuja na kiongozi wake. Aliambiwa pale usikanyage, pale usikae. Wa sasa anashuka kwenye pikipiki na watoto wanne, kiongozi ni wewe mwenyewe. Huku kwetu tuna mazuku, ile gesi nzito inayojikusanya kwenye mashimo ya mawe ya volkano. Haina rangi, haina kelele. Asubuhi kabla upepo haujaamka, mbuzi anaingia shimoni hatoki. Mtu mzima akisimama anaweza asisikie kitu, mtoto aliyelala chini ndiye anayeipata. Familia moja kutoka Butembo ilinijia mapema, wakaona kishimo chenye kivuli nyuma ya jiko, wakatandika mkeka wamlaze mtoto. Nilikimbia na mwiko mkononi. Siku hizi pale nimezungushia miiba.

Kwako Bukavu mazuku si tatizo kama huku, lakini hiyo ngazi ya maji unayopigiwa picha, umeiwekea kamba? Majaketi ya kuelea unayo mangapi?

Mpanda Kahuzi

Mkubwa, nimewahi kuwabebea watalii mizigo, naomba niseme ukweli ingawa unauma. Yule wa malori usimngoje. Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha gorila kutoka dola 750 hadi 1,500. Sisi wa upande huu tulishangilia, maana kibali cha Virunga, mbuga ya gorila ya huku Kongo, kilikuwa dola 400, tukasema sasa wenye mfuko mdogo watavuka. Kweli walianza kuvuka. Mei 2018 Waingereza wawili wakatekwa Virunga, mlinzi wa mbuga mwanamke akauawa, utalii ukafungwa mpaka Februari 2019. Mwaka umepita kidogo tu, Machi 2020 ikaja Covid, ukafungwa tena. Kila mara wenzangu walikopa pesa kununua mahema na viatu. Mgeni yule anakuja kwa habari njema na kukimbia kwa habari moja mbaya. Wa sufuria hana pa kukimbilia, anaishi Kadutu, hapo hapo mjini Bukavu.

Lakini muziki? Hapana, mkubwa. Payoti zenye muziki mjini zimejaa. Kimya cha papa yako kingali kinauzika.

Baba wa Nguba (Bukavu)

Mama wa Himbi, majaketi ninayo mawili, na moja panya wamelila. Hilo nimelipokea. Jeto nayo nimeipenda, ingawa nina aibu. Kumdai mtu wa kwetu pesa getini, papa angefufuka.

Mpanda Kahuzi, kuhusu kimya: ulishawahi kuwaambia watu kumi na wanne wanyamaze Jumapili?

Dada wa magauni

Jambo sana papa. Nimesoma nikacheka, halafu nikaona haya. Ni mimi. Jekundu, njano, na lile la tatu lilikuwa la kukodi.

Naomba nijitetee. Zile picha nimeziweka kwenye WhatsApp na Facebook, na watu wameniuliza mara nyingi ni wapi pale. Wawili wanaoa mwezi ujao, wanatafuta mahali pa kupigia picha za arusi. Sikununua chakula kwa sababu hapakuwa na cha bei yangu, papa. Ile karatasi yako ya vyakula ina samaki mzima kwa bei ya dola, kama bado unangoja wale wa magari meupe. Weka sahani ya sambaza na ugali kidogo kwa franka, nitakula, na mama yangu ataacha sufuria nyumbani, maana naye anachoka kuibeba.

Na choo chako hakina kioo. Nilijipaka wanja kwa kutazama simu. Ukiweka chumba kimoja cha kuvalia, chenye kioo kirefu na pa kutundika nguo, nitakilipia kwa saa na nitakuletea maharusi.

Baba wa Nguba (Bukavu)

Binti yangu, usione haya. Mimi ndiye niliyekuhesabia magauni kama mtoza ushuru.

Karatasi ya vyakula umeniweza. Nimeitoa ukutani nikaitazama vizuri: mara ya mwisho niliiandika kwa ajili ya semina ya ONG moja. Ina hadi "mapumziko ya kahawa".

Basi ukuta sivunji. Jana nimenunua kamba ya ngazi na majaketi sita ya kuanzia. Jeto inaanza Jumapili, na getini atakaa mke wangu, yeye hana aibu yangu. Vyumba vitano vinabaki na vitanda, vya hao wa Julai na vya maharusi wasiotaka kurudi kwa wakwe usiku huo. Namba mbili nimeitoa kitanda leo mchana, tukaingiza kioo cha kabati la marehemu mama. Kimepasuka kona ya chini, lakini gauni refu litaificha. Mke wangu ameshasimama mbele yake mara mbili.