Nyumba kongwe za Bagamoyo: tuzihamishie uwanja mmoja au tuziache zilipo?

Mkaazi wa Dunda

Ndugu zangu, assalamu alaykum na habari za asubuhi. Naleta hoja hii nikiwa nimetoka kupita mtaa wa India, ambako ukuta mwingine wa ghorofa umelala barabarani baada ya mvua za juma lililopita, na mawe yake ya matumbawe yamerundikana hadi kwenye baraza ya jirani. Mji wetu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na tangu hapo tunauona ukipukutika nyumba baada ya nyumba. Mwaka huohuo wa 1891, kule Stockholm, Artur Hazelius alifungua Skansen, makumbusho ya wazi ambako nyumba za kale zipatazo 150 kutoka pande mbalimbali za Uswidi zimekusanywa: zilifunguliwa, zikabebwa, zikasimamishwa upya. Sisi nasi tunacho Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam tangu 1967. Kwa nini tusitenge uwanja, tuseme upande wa Kaole karibu na magofu, tukahamishia huko nyumba kumi au ishirini zilizo bora, zikawekewa uzio na mlinzi, kuliko kuziacha mikononi mwa wenyeji ambao wamekwisha kung'oa milango na kuiuza? Naomba tujadili.

Mjukuu wa Mwambao

Ndugu yangu wa Dunda, hoja yako ningeisoma kwa utulivu kama usingeifunga kwa maneno yale ya mwisho. Mlango wa nyumba ya babu yetu uliuzwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwepo. Bibi alikuwa amelazwa, dawa zinanunuliwa nje, na ndani ya nyumba hapakuwa na kitu kingine ambacho mtu angekitolea fedha siku hiyohiyo. Mnunuzi alikuja na mafundi wawili. Walianza kwa kuung'oa mfaa, ule mti wa katikati wenye nakshi, wakaufunga kwa magunia kama mgonjwa, kisha wakatoa mbao mbili moja baada ya nyingine. Mama alifagia vumbi la mchwa lililodondoka kwenye kizingiti, akatundika kanga mbili mahali pa mlango, nasi tukalala hivyo siku nne mpaka ulipopatikana mlango wa mbao za kawaida.

Kwa hiyo usituite watu tusiojali. Nyumba ile ina warithi wengi, wengine wako Mombasa, wengine Muscat, na hakuna hata mmoja awezaye kuikarabati au kuiuza bila ridhaa ya wenziwe. Kila masika tunapigiana simu, na kila masika tunaishia palepale.

Msomaji wa Forodhani

Dada yangu, pole sana kwa yaliyowapata, na ninaamini kila neno uliloandika. Hata hivyo si haki kulipita jambo hili kana kwamba ni huzuni ya familia peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja waziwazi milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa, na kuvitoa nchini pasipo leseni ni kosa. Kila mlango wa Bagamoyo ulioko leo katika sebule ya nchi ya mbali ulianzia kwenye kizingiti cha mtu aliyekubali kupokea fedha. Huruma haiwezi kufuta jambo hilo.

Mjukuu wa Mwambao

Kaka, sheria hiyo inajua umri wa mlango, lakini haikusema nani angelipia dawa za mwenye mlango. Sisi hatukuusafirisha kwenda nchi yoyote. Uliondoka mbele ya macho yetu ukielekea barabara ya Dar es Salaam, na hakuna afisa aliyefika kuuliza unakwenda wapi, wakati mtaa mzima ulisimama ukitazama. Ukitaka kumhesabia mtu makosa, anza na aliyekuwa na fedha na lori, usianze na aliyekuwa na mgonjwa.

Fundi Chokaa

Wazee wangu na dada yangu, naomba niturudishe kwenye ujenzi, kwa sababu kuna jambo ambalo sote tumeliruka. Nyumba nyingi za Skansen ni za mbao na magogo. Gogo hupewa namba, huchomolewa, hupakiwa, na likifika hurudi mahali pake. Nyumba ya Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo haikujengwa hivyo. Ukuta wake ni vipande vya matumbawe visivyo na umbo maalumu, vingine kama kichwa cha mtu na vingine kama ngumi, vilivyolazwa ndani ya chokaa na udongo mpaka ukuta ukawa na unene wa nusu mita. Kinachoushikilia ni ule mchanganyiko, na mchanganyiko hauna namba. Ukiubomoa unabaki na kifusi, na utakachosimamisha Kaole kitakuwa nyumba mpya yenye mawe ya zamani. Watu hutaja mahekalu ya Abu Simbel kule Misri, yaliyohamishwa kati ya 1964 na 1968 kuyakwepa maji ya bwawa la Aswan, lakini yale yalikuwa yamechongwa ndani ya mwamba, hivyo yaliweza kukatwa kwa msumeno vipande vikubwa vikubwa. Jaribu kukata ukuta wa Bagamoyo kwa msumeno uone utakachobaki nacho mkononi.

Nyumba zetu zinauawa na vitu viwili, bati lililotoboka na saruji. Maji yakiingia juu hushukia kwenye vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani, na boriti huoza kuanzia mahali ambapo jicho halifiki. Kwa chini utaiona nzima, ukiichoma kwa bisibisi inaingia kama kwenye mkate. Kisha anakuja mtu mwenye nia njema, anaona ufa, anapiga lipu ya saruji. Chokaa huruhusu unyevu wa ukuta utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka inavimba na kuyala mawe. Nina desturi ya kugonga kuta kwa kifundo cha kidole. Lipu ya chokaa iliyoshika hujibu kwa sauti nzito. Lipu ya saruji iliyoachana na ukuta hujibu kama debe tupu, na siku ikianguka huanguka bamba zima, ikiwa imeng'oka na ngozi ya ukuta. Nimewahi kuona jengo lililokarabatiwa kwa fedha nyingi likapigwa lipu ya namna hiyo, na mvua tatu hazikupita.

Mkaazi wa Dunda

Fundi, nimekuelewa kuhusu ukuta, na ninamwomba radhi dada wa Mwambao kwa sentensi ile, kwa maana sikuwa nimefikiria kanga mbili zilizotundikwa mahali pa mlango. Hata hivyo sikubali kwamba kuziacha zilipo kunatosha. Unguja wanalo jina la Urithi wa Dunia kwa Mji Mkongwe wao tangu 2000, wanayo mamlaka, wanao wageni wasiohesabika, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Ikiwa nyumba ya sultani imefikia hapo, nyumba ya warithi wasioelewana itakuwaje? Basi tukusanye angalau milango iliyosalia, tuiweke mahali pamoja penye paa zima.

Msomaji wa Forodhani

Hapo kwenye milango nakuunga mkono, lakini majengo yabaki, kwa sababu mengine thamani yake ni mahali yalipo. Mnara wa kanisa la kale la misheni, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, ukiuhamisha hata hatua mia moja unakuwa mnara mwingine.

Binti wa Magomeni

Kila tukizungumzia mnara ule tunamtaja aliyebebwa. Waliombeba ni Chuma, Susi na wenzao, na mwendo wao kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ulichukua miezi. Nyumba walizolala watu wa namna yao hapa Bagamoyo ziko wapi? Wapagazi waliofika na misafara kutoka bara walikuwa maelfu, wakilala kwenye vibanda vya miti na makuti, na katika misheni hiyohiyo, iliyoanzishwa 1868, kulikuwa na kijiji cha waliokombolewa utumwani. Mjadala mzima tumelilia nyumba za mawe, ambazo wengi wa waliozimiliki walitajirika kwa pembe na kwa watu, na hakuna aliyeitaja nyumba ya udongo yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele, ambayo ndiyo waliyokulia wengi wetu na sasa inabomolewa kila siku bila hata picha moja kupigwa.

Mimi nautaka uwanja huo wa Kaole, lakini kwa ajili ya nyumba hizo. Kijiji cha Makumbusho hakikubeba nyumba ya mtu. Mafundi walijenga palepale kwa kufuata nyumba za kwao, na ikichoka hujengwa upya, kwa kuwa nyumba ya udongo ndivyo inavyoishi. Fundi atakubaliana nami kwamba bado wapo wazee wanaojua kufunga fito na kukandika, na hawatakuwepo milele.

Fundi Chokaa

Nakubali, Binti. Kukandika nilijifunza kabla ya kuushika mwiko.

Mjukuu wa Mwambao

Kaka wa Dunda, radhi nimeipokea. Fundi, niruhusu nikuulize jambo la nyumba yetu. Fremu ya mlango mnunuzi hakuichukua, bado imo ukutani, na juu yake nakshi ya mawaridi inaonekana vizuri. Lakini chumba cha juu upande wa bahari, ukuta umeachana na boriti kiasi cha vidole vitatu, na binamu yangu aliyeko Dar es Salaam ametuma fedha za mifuko mitano ya saruji ili tuzibe ufa kabla ya masika.

Fundi Chokaa

Msizibe, dada yangu. Mwambie binamu fedha hiyo inunue bati na miti ya kuegemeza. Boriti zitegemezwe kutoka chini, kila moja na nguzo yake, na nguzo zikanyage ubao, zisikanyage sakafu. Paa lizibwe kwanza. Chokaa tutairoweka baadaye, nayo inahitaji majuma kadhaa shimoni kabla haijafaa kushika ukuta, kwa hiyo mkichelewa sana masika itatukuta. Hiyo fremu ifunikeni kwa turubai, mwacheni kila anayekuja kuiulizia bei aondoke na jibu lilelile. Jumamosi baada ya adhuhuri nitapita niugonge huo ukuta mwenyewe.