Ushauri: Mbwa wangu amekatwa mguu wa mbele, mguu wa bandia wa plastiki au alumini?

Kichwa_Ngumu77
Wakuu, habari za jioni. Nina Rottweiler dume, miaka 8, kilo 46. Siku 9 zilizopita alikatwa mguu wa mbele wa kulia. Ni ajali. Mshono unaendelea vizuri, ila hasimami muda mrefu, sebuleni anateleza mpaka kidevu kinagonga tailizi, na usiku analia. Nimepata fundi wa kumtengenezea mguu wa bandia. Plastiki au alumini? Na avae saa ngapi kwa siku?

Fundi Bapa
Alumini mkuu. Bomba la inchi moja, chini unavisha mpira kama wa mkongojo. Plastiki kwa kilo 46 itapasuka wiki ya kwanza.

Mtaa wa Pili
Kilo 46! Anakula nini huyo jamani, sisi huku tunagombania dagaa 😂

Bi Mkubwa wa Pugu
Anza na sakafu, mwanangu. Tailizi kwa mbwa wa miguu mitatu ni mlenda. Tafuta vipande vya mpira wa kukanyagia, vile vizito vya kwenye gari, uvipange viwe njia kutoka anapolala hadi mlangoni na hadi kwenye maji. Mkeka wa plastiki usiweke, utakimbia naye. Kata kucha, na nywele zinazoota katikati ya nyayo uzipunguze. Bakuli lipandishe usawa wa kiwiko chake, maana akiinama hadi chini uzito wote unadondokea mguu mmoja. Mbwa akisimama, kama asilimia 60 ya uzito iko mbele, ndiyo maana aliyepoteza wa mbele hupata tabu kuliko aliyepoteza wa nyuma. Na hizo kilo zishuke taratibu. Ukimpapasa mbavu uzihisi bila kubonyeza.

Mwalimu Mstaafu
Mbwa ni wa kulinda nje. Mkishawaingiza sebuleni ndiyo haya.

Dawa ya Mchana
Mtoa mada, amekatwa kuanzia wapi? Chini ya kiwiko au bega zima?

Kichwa_Ngumu77
Bega zima. Hata ule mfupa bapa wa bega umetolewa.

Dawa ya Mchana
Basi sahau mguu wa bandia. Ule huvaliwa kwenye kigutu, na huyo hana kigutu, ana ubavu mtupu. Bomba litashikwa na mikanda ya kifuani, akigeuka nalo linazunguka, linachubua kwapa la mguu uliobaki na kusugua mshono. Sasa nijibu hili: jibwa kubwa, miaka 8, mguu wa mbele. Kabla ya hiyo ajali alikuwa anachechemea? Kulikuwa na uvimbe juu kidogo ya kifundo?

Mtaa wa Pili
Mtoa mada kapotea. Saa mbili sasa.

Kichwa_Ngumu77
Sijapotea. Sawa, alichechemea miezi miwili, tukadhani ameteguka. Ukatokea uvimbe mgumu hapo hapo unaposema. Siku hiyo akaruka kiukuta cha bustani, mfupa ukakatika, kwa hiyo ajali ipo. Maabara wamesema saratani ya mfupa. Watoto hawajui, na mimi nilikuja kuuliza mguu, sikuja kuuliza saratani.

Dawa ya Mchana
Pole sana. Eksirei ya kifua ilipigwa kabla hajakatwa?

Kichwa_Ngumu77
Daktari alisema ipigwe, nikaona ya nini wakati mguu unakatwa vyovyote. Hela nikampa fundi advansi, nusu nzima. Kwa maumivu nampa diklofenaki 50 asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe naitumia na inanisaidia.

Kijiwe Nongwa
Chai hii, tena ya rangi. Jioni ilikuwa ajali, usiku imekuwa saratani. Hela ya fundi ipo, ya eksirei hakuna. Subirini, kesho inakuja namba ya kuchangia.

Mtaa wa Pili
Weka picha ya mshono, tuone kama si ya kudownload.

Bi Mkubwa wa Pugu
Chai au maji, diklofenaki iachwe usiku huu huu. Tumbo na figo za mbwa haziiwezi: inachimba vidonda vya tumbo, na kidonda kikitoka damu utaona choo cheusi kama lami, au atatapika kitu kama unga wa kahawa. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Panadol na ibuprofeni nazo usiguse. Mwambie daktari ukweli wote wa ulichompa, kwa sababu dawa salama za jamii hiyo, kama kaprofeni, haziungwi juu yake. Kwa kawaida husubiriwa siku 5 hadi 7. Kilio cha usiku mara nyingi ni mishipa ya fahamu iliyokatwa. Muulize kuhusu gabapentini, hiyo haigombani na tumbo.

Kichwa_Ngumu77
[picha 3] Ya mwisho, hapo chini ya mshono pamejaa. Hiyo nayo ni saratani?

Dawa ya Mchana
Ukipabonyeza panacheza kama mfuko wa maji?

Kichwa_Ngumu77
Ndiyo. Si moto.

Dawa ya Mchana
Inaelekea ni majimaji yaliyojikusanya pale msuli ulipotolewa. Usitoboe. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10, mara tatu kwa siku. Pakiwa moto, pekundu, au patoe usaha, rudi kwa daktari. Nyuzi zinatoka kati ya siku ya 10 na ya 14, na koni ya shingoni, ile ya kumzuia kulamba mshono, isitoke kabla yake.

Sasa lile ulilolikimbia. Kukata mguu kumeondoa maumivu ya mfupa, saratani yenyewe hakujaimaliza. Kwa aina hii, osteosakoma, mbwa kama 9 kati ya 10 chembe zimeshafika mapafuni siku inapogunduliwa, hata eksirei isipozionesha. Akikatwa tu, wengi hupata miezi 4 au 5. Akiongezewa kaboplatini, dawa ya kemo ya kupambana na saratani, kila wiki 3, mara 4 hadi 6, hukaribia mwaka. Eksirei ipigwe mikao mitatu: ubavu wa kulia, wa kushoto, na mmoja wa chali. Mapafu yakiwa na vinundu tayari, hela ya kemo utaipeleka kwenye dawa za maumivu. Kama ulipo hakuna, uliza hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro.

Kijiwe Nongwa
Picha nimeona. Chai nimemwaga. Pole mkuu.

Kichwa_Ngumu77
Eksirei ni keshokutwa saa tatu. Fundi amegoma kurudisha advansi, ila yuko tayari kunishonea mkanda wa kumnyanyulia. Upana gani, na mshikio ukae wapi?

Bi Mkubwa wa Pugu
Inchi 3, ndani sponji, upite kifuani nyuma ya mguu uliobaki. Mshikio juu ya mgongo, uvutwe kidogo upande wa kulia ambako anaangukia. Usimvishe mpaka nyuzi zitoke. Kwa sasa taulo pana chini ya kifua, mbali na mshono, matembezi dakika 5 mara nne kwa siku, na ngazi asipande peke yake.

Fundi Bapa
Bomba la alumini bado ninalo, kama kuna anayetaka antena.