Wakuu, rimu za IST zimeganda vumbi jeusi na kalipa zina kutu. Nazisafishaje nyumbani?

Mbagala_IST
Habari zenu wakuu. Natumia Toyota IST yenye rimu za spoti za rangi ya fedha. Za mbele zimeshika vumbi jeusi ambalo sabuni ya maji hailitoi. Jana nimesugua mpaka vidole vikauma, lakini ukipitisha kiganja bado unasikia vichembe kama mchanga. Za nyuma ni safi. Ukichungulia ndani unaona kalipa, kile chuma kinachobana breki, imevaa kutu. Jirani ananishauri nitumie asidi ya betri niliyoichanganya na maji, au nisugulie stilwaya. Nimeogopa. Gari hili ndilo linalopeleka watoto shule. Nina ndoo, mpira wa maji na jeki tu.

fundi_breki
Mkuu, umefanya la maana kuuliza kwanza. Asidi ya betri usiiguse. Inakula vanishi ya rimu, ikifika kwenye alumini inaacha mabaka ya kudumu, na ikikurukia jichoni ni balaa. Stilwaya nayo itakuachia mikwaruzo.

Hilo vumbi wala si la barabarani. Ni diski (sahani ya chuma inayozunguka na tairi) na pedi (vibao vinavyoibana) zinavyosagana: chembe za chuma zinaruka zikiwa za moto, zinang'ang'ania kwenye rangi, zikipata maji zinashika kutu hapo hapo. Nyuma ni safi kwa sababu IST nyingi zina drami nyuma, yaani breki zilizofunikwa kama ndani ya sufuria, vumbi linabaki ndani. Tena breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa.

Osha asubuhi kabla hujatembeza gari, kivulini. Maduka ya vifaa vya magari yana dawa ya kuondoa chembe za chuma. Ukipuliza inageuka zambarau inapokutana na chuma, na inanuka kama yai viza, kwa hiyo vaa glovu. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa, isikukaukie. Maliza rimu moja, suuza, ndipo uhamie nyingine. Ndoo na sponji ya rimu visiguse bodi ya gari, vile vichembe vitakuchora rangi.

dada_dereva
Kaka, mimi nilishaponea chupuchupu. Kijana aliyekuwa ananioshea gari aliona kutu kwenye kalipa akapuliza dizeli ili zing'ae. Ziling'aa kweli. Nateremka mlima, nakanyaga breki, gari halishiki na linavuta upande mmoja. Nilisimama kwa kusaidiana na hendibreki, miguu inatetemeka. Pedi zilikuwa zimenyonya mafuta, fundi akazitupa zote nne. Tafadhali, dizeli, mafuta ya taa, wala ile dawa ya kung'arisha tairi visifike kwenye diski.

Mbagala_IST
Pole sana dada. Kwa hiyo kalipa nizifungue nizisafishe?

fundi_breki
Hapana, usifungue. Toa tairi tu. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi la nyuma, legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Azima stendi ya kushikilia gari kwa mtu uweke chini yake, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja.

Anza kwa kumwagia maji vumbi lisipae. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, pedi nyingine za zamani zina asbestosi. Kisha sabuni na mswaki wa zamani. Ile mipira inayokinga pistoni (inayosukuma pedi) na pini (ambazo kalipa inateleza juu yake) ipitishie mswaki taratibu, ikichanika maji yanaingia. Kutu ya juu juu kwenye kalipa haina madhara, iache.

Ukiwa hapo tazama unene wa pedi ya ndani na ya nje, na kama paipu ya breki ina nyufa au unyevu. Nati kaza kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya mkabala wake. Mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza, IST ni 103 Nm. Kabla hujaingia barabarani tembea polepole ukikanyaga breki mara kadhaa zikauke.

Mbagala_IST
Mrejesho wakuu. Dawa imefanya kazi, zambarau imetiririka mpaka chini na rimu sasa ni laini kama sahani. Ila tairi la kushoto lilikuwa na vumbi zaidi ya mara mbili ya kulia. Nimetazama pedi: ya nje bado nene, ya ndani imebaki nyembamba kama kadi ya benki.

fundi_breki
Hapo huenda pini za kalipa zimekwama mkuu, pedi ya ndani inabeba kazi peke yake. Gari usilitembeze. Mwite fundi azitoe pini, azisafishe, apake grisi ya silikoni ya breki, siyo ile ya beringi. Pedi za mbele zibadilishwe pande zote mbili. Msimamie: akishusha kalipa aifunge kwa waya, isining'inie kwenye paipu.

Mbagala_IST
Nimekuelewa kaka. Fundi anakuja kesho saa tatu, pedi nimeshanunua. Watoto watapanda daladala na mama yao.