Presi ya beringi: nichukue tani 12 niongeze jeki baadaye, ama nijikaze na tani 20?

Kijana_Magongo

Asalaam aleikum wadau. Mie nina kigereji changu hapa Magongo, mwaka wa pili huu, kazi nyingi ni tuktuk, Probox za abiria na hizi Noah. Shida yangu ni beringi. Kila ikija kazi ya beringi ya mbele nafungua nako nzima, kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele, naibeba begani mpaka kwa jamaa mwenye presi, mashine ya kukandamizia beringi iingie au itoke, nangoja foleni, nalipa, narudi, nusu siku imekwenda na mwenye gari yuko kwenye kiti cha plastiki ananiangalia kama mie ndo nimeiharibu. Juzi nimerudishiwa nako beringi imeingia mshazari, wiki mbili tu gari inalia vuuuu kutoka Changamwe mpaka mjini, ikabidi ninunue beringi nyengine kwa pesa yangu. Nikasema bas, nanunua presi yangu.

Sasa dukani nimeona mbili, tani 12 na tani 20, zote za kusimama chini na jeki ya mafuta ya kupampu kwa mkono. Tofauti ni elfu 14 na mfuko unanibana. Fikra yangu nichukue ya 12, halafu mwakani nitoe ile jeki niweke ya tani 20, fremu si ni ileile? Ama najidanganya? Na zile jeki za upepo vipi? Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

Bahari_Kaskazi

Unajidanganya 😂 ila umefanya vizuri kuuliza, mie sikuuliza.

MzeeWaYadi

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefanya kazi yadi za kutengeneza meli miaka mingi kabla ya kustaafu, nshaona presi ndogo na presi za kutisha, hebu nikwambie.

Fremu si ileile. Tazama presi yako inavyofanya kazi: jeki imekaa wima kwenye kile kibao kinachoning'inia na springi, inasukuma juu, boriti ya juu haitoki, kwa hiyo kibao ndo kinashuka na kukandamiza beringi. Maana yake kila tani inayoshuka kwa beringi, boriti nayo inaipata hiyohiyo, na meza ya chini, na zile pini, na matundu yake, na kila mahali palipochomelewa. Aliyeitengeneza alipima vyote kwa tani 12. Ukiweka jeki ya 20, jeki haijui imekaa kwenye fremu ya nani, itasukuma mpaka kitu kiachie. Nshaona boriti imepinda kama upinde na mtu bado anapampu, ati "haijafika". Kwa hiyo habari ya kubadilisha jeki ifute kabisa. Ukubwa wa fremu unaununua mara moja.

Kwa tuktuk tani 12 ni nyingi mno. Kwa Probox beringi ikiwa haijashika kutu utafaulu bila shida. Lakini we uko pwani, hewa yetu ni chumvi, beringi iliyokaa kwenye nako miaka sita haitoki kwa hisani, na hapo ndo utajikuta umefika mwisho wa jeki, mkono wa pampu umekuwa mgumu, na shetani anakwambia ongeza bomba kwenye mkono. Ukiwa na ya 20 kazi hiyohiyo unaifanya katikati ya nguvu yake. Mie ningengoja miezi miwili mitatu nichukue 20. Na ukipata yenye geji, ile saa ya kuonyesha nguvu, chukua yenye geji, sababu sindano ikiruka ghafla na beringi haijasogea ujue kuna kitu kimezuia, unasimama kabla hujavunja.

Halafu vile vipande viwili vizito vya chuma unavyopewa na presi vya kuwekea kazi juu yake, mara nyingi huwa ni chuma cha kumimina, hivyo hupasuka bila kukuaga. Tafuta bamba la chuma cha kawaida unene wa milimita 25 kwa watu wa vyuma chakavu, likatwe vipande viwili, utatumia mpaka uzeeke.

MamaSpea_Kongowea

Naomba niingie hapa maana mie nauza beringi na nshachoka kuitwa muuza feki. Kila mara mtu anarudisha beringi "imelia baada ya wiki", nikiigeuza naona alama za kipande alichokandamizia kiko kwenye ringi ya ndani, na beringi ilikuwa inaingia ndani ya nako! Mafundi, nawaomba. Beringi ikiingia kwenye nako unasukuma ringi ya NJE. Habu, kile kitovu kinachofungiwa gurudumu, ikiingia ndani ya beringi, unashikilia ringi ya NDANI kwa chini. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye zile gololi, zinachimba vishimo vidogo njiani pake, na huko kulia kunaanza hapo. Sio feki, ni mkono wako.

Kijana, kabla ya tani, tumia pesa kwa vikombe vya kukandamizia vya saizi tofauti, au uwe na beringi za zamani na vipande vya bomba vya vipimo vyote. Na kitu kingine, ilaze beringi kwenye friza usiku ndani ya mfuko usioingia maji. Ringi yenye kipenyo cha milimita 74 ikipoa nyuzi 40 inapungua kama milimita 0.035, unaona kidogo lakini kukaza kwenyewe ni kwa kiasi hichohicho, inaingia kwa upole. Mume wangu alilalamika beringi zinakaa na samaki wake, amezoea.

Likoni_Ngambo

Mie naona mnamtajirisha mwenye duka. Nunua ile seti ya skrubu ndefu na vikombe, unatoa beringi ya mbele gari likiwa palepale, hufungui nako, hupotezi alaimenti, na seti nzima unaiweka kwenye mkoba unavuka nayo feri. Mie mwaka wa tatu sina presi.

MzeeWaYadi

Likoni hajakosea, kwa beringi za mbele seti ni kitu kizuri na kijana aanze nayo kama pesa haijatimia. Lakini bushi za mikono ya chini, ile inayoshika gurudumu, utazisukuma na nini? Na beringi za giaboksi ya tuktuk? Na skrubu ikishika kutu unaikaza mpaka nyuzi zinachanika, kila ukitumia uipake grisi. Kitu kingine hujamwambia, habu ikitoka mara nyingi hutoka na ringi ya ndani imeng'ang'ania juu yake, hapo seti haikusaidii, ni pula ya kuivuta au grainda ya kuikata, na grainda iguse ringi tu isiguse habu.

Kijana_Magongo

Shukran sana, mzee na mama. Mama hiyo ya ringi ya nje na ya ndani nimeisoma mara tatu, nadhani ndo ile iliyonilia juzi 😔. Swali, hizi gari za ABS, zenye breki zisizofunga gurudumu, kuna upande wa beringi? Na jeki ya upepo hamjanijibu.

MamaSpea_Kongowea

Kuna beringi zina sumaku upande mmoja ya kusomwa na sensa, upande huo huonekana mweusi au kahawia, unaelekea kwenye sensa. Ukigeuza, taa ya ABS inawaka na unafungua kila kitu upya. Usiilaze karibu na sumaku ya kuokotea skrubu.

Kompresa_Jomvu

Jeki ya upepo ninayo, kwenye fremu ya tani 20. Raha yake ni mkono mmoja unabaki huru kushika kazi isilale upande, manake mwanzo ndo beringi huenda mshazari. Inataka kompresa ya kutoa kama bar 8 na maji uyamwage kila jioni, unyevu wa Mombasa tanki linajaa maji kama dafu. Ubaya wake ni kwamba husikii kitu mkononi. Ya mkono inakuambia kazi imekuwa ngumu, ya upepo inaendelea tu kunguruma. Ukiwa unajifunza anza na ya mkono, na ukiongeza upepo baadaye tani ya jeki ilingane na tani ya fremu, isizidi.

Bahari_Kaskazi

Hadithi yangu sasa. Nilisahau kutoa sakilipu, ile ringi nyembamba inayozuia beringi isitoke. Nikapampu, haisogei, nikapampu, nikasema kutu hii. Ikalia kama risasi na kipande cha nako kikapita karibu na sikio langu kikaingia kwenye mabati ya jirani. Nako nikalipa, mabati nikalipa. Tangu siku hiyo navaa miwani, nasimama ubavuni, na kazi naizungushia kipande cha tairi kuukuu.

MzeeWaYadi

Alhamdulillahi sikio lipo. Kijana, na jeki ikipungua mafuta usiongeze mafuta ya breki kama wafanyavyo wengine, yanafurisha sili za ndani, zile ringi za mpira zinazozuia mafuta, zote zinakwisha. Mafuta ya jeki tu. Na ile shafti yake ifute na kitambaa chenye mafuta kila ukifunga, chumvi ikiichimba inakata sili.

Kijana_Magongo

Nimerudi na habari. Nilikwenda dukani na futi ya kupimia pamoja na nako ya Noah kwenye gunia, wakanicheka. Kwenye ya tani 12 nako haikuingia vizuri kati ya nguzo! Hilo peke yake limemaliza mjadala. Nimelipa nusu ya ile ya 20, ina geji, iliyobaki namaliza mwisho wa mwezi wa pili, na seti ya skrubu nimeichukua leo nianze nayo. Bamba la chuma nimepata kipande, kesho kinakatwa.

Mzee moja la mwisho, miguu niifunge kwenye sakafu ama haina haja? Sakafu yangu ni saruji nyembamba.

MzeeWaYadi

Funga. Presi ni ndefu na uzito wake uko juu, ukiweka nako ya Noah upande mmoja itakuangukia. Saruji ikiwa nyembamba chimba mashimo manne, mwaga zege upya uzamishe bolti humo, na uache siku saba kabla hujaikaza.